Matairi Tuliyoyachagua kwa Macho



Juma hili tunapenda kuwashirikisha jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, tena la gereji kuliko la ukurasa huu. Ni habari ya matairi ya gari la familia yetu. Tumesita kuiandika kwa muda mrefu, kwa kuwa ndani yake imo aibu yetu wenyewe. Hata hivyo, kila Desemba inapokaribia, na magari ya ndugu zetu kutoka Mwanza, Dar es Salaam na Kampala yanapoanza kuijaza barabara ya Bukoba hadi Muleba, tunaona kwamba kuendelea kunyamaza kungekuwa kosa la pili.

Sisi ni watoto sita wa mama mmoja. Baba alikwisha kututangulia. Mama, mwenye umri wa miaka sabini na minane, anaishi shambani upande wa Muleba, katikati ya migomba na kahawa alizozipanda kwa mikono yake, na hataki kusikia habari ya kuhamia mjini. Kila mwezi inampasa kufika Bukoba kwa ajili ya kliniki ya shinikizo la damu. Ndiyo sababu tulichangishana, kila mmoja kadiri ya uwezo wake, tukanunua Toyota Land Cruiser Prado iliyokwisha kutumika. Gari hilo si la mtu mmoja. Ni la familia. Nalo lilinunuliwa kwa sababu moja kuu, yaani kumpeleka Mama na kumrudisha salama.

Mwezi Desemba 2021 matairi yake yalikuwa yamekwisha, yamebaki kipara. Tulikuwa tunajiandaa kupokea ndugu na wageni wa Krismasi, nanyi mnajua jinsi sisi Wahaya tunavyopenda kuonekana vema siku tunapokutana nyumbani. Tukaenda kwa muuzaji mmoja wa matairi yaliyotumika. Akatuonyesha manne mapana, yenye meno marefu ya kukwangua matope, meusi, yanang'aa kwa mafuta aliyoyapaka. Bei yake ilikuwa nafuu mno: fedha za tairi moja jipya zilitosha kununua mawili na nusu ya hayo. Tuliyapenda mara moja. Hatukuuliza swali hata moja la maana. Swali pekee tulilouliza lilikuwa la bei.

Siku ya Krismasi gari lilisimama mbele ya nyumba kama simba. Watoto walipigia picha karibu na magurudumu. Wajomba walilizunguka wakisema, "Kweli vijana mmekuwa." Mama peke yake ndiye aliyeuliza kwa nini gari limekuwa na kelele barabarani kuliko zamani. Tukacheka, tukamwambia kwamba ndivyo matairi yenye nguvu yalivyo.

Mwezi Novemba 2023, tukitoka kliniki, tulikuwa tumepita Kemondo na tunakaribia Muhutwe. Ndani ya gari tulikuwa watu wanane, na nyuma tulikuwa tumepakia mifuko minne ya saruji ya kukarabati jiko la Mama. Jua lilikuwa kali baada ya mvua ya asubuhi. Kabla ya kuondoka mjini tulikuwa tumesali sala ya safari, kama ilivyo desturi yetu. Tulisali vizuri, wote, hata watoto. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kutazama matairi.

Tairi la nyuma la kushoto lilipasuka kwa kishindo kama cha bunduki. Gari likayumba kulia, likayumba kushoto. Kaka yetu mkubwa, aliyekuwa akiendesha, hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliachia mafuta taratibu, akaushika usukani kwa mikono miwili mpaka gari likasimama kando, hatua chache kutoka kwenye mtaro. Hakuna aliyekufa. Lakini Mama alikuwa amejigonga mlangoni, na bega lake likateguka. Tulimkuta amelishika kwa mkono wa pili, kimya, macho yake yakitazama mbele.

Kijana wa kibanda cha pancha aliyekuja kutusaidia ndiye aliyetufungua macho. Alilivua tairi, akaligeuza, akatuita. "Shikamooni wazee. Samahani, naomba mtazame hapa." Alikuwa ameweka kidole kwenye tarakimu nne zilizoandikwa upande wa ndani, ule usioonekana gari likiwa limesimama: 3410. Akatueleza kwa adabu kwamba mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lile lilitengenezwa juma la thelathini na nne la mwaka 2010. Tulipolinunua lilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Siku lilipopasuka lilikuwa na miaka kumi na mitatu.

"Mbona lilikuwa na meno mazuri?" tukamwuliza.

"Meno ni ya nje, wazee wangu. Mpira umekufa ndani."

Tangu siku ile tumejifunza mengi, nasi tunayaandika hapa kwa faida ya kila familia yenye gari, awe na Prado, RAV4, Harrier au gari jingine lolote.

Mpira wa tairi huzeeka hata kama gari halitembei. Hewa, joto na mwanga wa jua huubadilisha kidogo kidogo, ukapoteza ulaini wake, ukafanya nyufa nyembamba ubavuni na katikati ya meno. Ndani yake, tabaka za nyuzi na waya zinazolishikilia tairi huanza kuachana. Watengenezaji kadhaa wakubwa hushauri kwamba tairi likipita miaka mitano lichunguzwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi liondolewe hata kama meno yake bado yanapendeza. Utaratibu wa tarakimu nne ulianza mwaka 2000. Tarakimu hizo hupatikana mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, na mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa tairi. Ikiwa upande huo umegeukia ndani, itakubidi upige magoti kuzitafuta. Sisi hatukupiga magoti.

Wazee wetu hawakuwa na haja kubwa ya elimu hii. Wengi wanakumbuka matairi ya kiwanda cha General Tyre kule Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969, ambacho Serikali ilikuja kukimiliki kwa ubia na kampuni ya Continental ya Ujerumani. Uzalishaji wa kiwanda hicho ulikuwa umesimama kufikia mwaka 2009. Tangu hapo tumekuwa tukitegemea matairi ya kutoka mbali, yaliyosafiri baharini na kukaa katika maghala, na yale yaliyotumika yamekwisha kuishi maisha yake ya kwanza katika nchi ya watu wengine. Kwa hiyo kusoma umri wa tairi kumekuwa wajibu wa mnunuzi mwenyewe.

Katika hayo yaliyotumika kuna mtego mwingine. Baadhi yalitengenezwa kwa ajili ya majira ya theluji ya Japani na Ulaya. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike barabara penye barafu. Katika joto letu huisha upesi, na gari huyumba zaidi kwenye kona. Alama yake ni mchoro wa mlima wenye ncha tatu na chembe ya theluji ndani yake. Kule kwao ni tairi jema. Kwetu Kagera halina kazi.

Jambo la mzigo nalo lilituhukumu. Tairi la gari letu lina maandishi 265/65R17 112S. Tarakimu 265 ni upana wake kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Herufi S ni ukomo wa mwendo, kilomita 180 kwa saa, mwendo ambao hatuna haja nao. Lakini 112 ni uwezo wa kubeba: kilo 1,120 kwa kila tairi. Tulipoisoma mara ya kwanza tulifurahi, tukijumlisha manne na kupata karibu tani nne na nusu. Fundi akatikisa kichwa. Ile namba, alisema, ni ahadi yenye sharti: tairi liwe zima, na liwe na upepo wa kutosha. Tairi lenye upepo pungufu hupinda ubavu wake kila linapozunguka, na kule kupinda huzaa joto, na joto ndilo linalolipasua. Sisi tulikuwa na tairi kuukuu, upepo ambao hatukuupima kwa miezi mitatu, watu wanane na kilo mia mbili za saruji.

Mkoa wetu unaijua gharama ya kuongeza mmoja zaidi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka hapa kwetu na kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na mamia ya ndugu zetu hawakurudi. Ni familia chache hapa Kagera ambazo hazikuguswa na msiba ule. Hata hivyo, sisi wenyewe tuliokua tukiisimulia habari hiyo, siku ile ya kliniki tulimwambia shangazi aliyekuwa kituoni, "Ingia tu, nafasi haikosekani."

Baada ya ajali Mama alitibiwa bega, akarudi nyumbani kwa gari la jirani. Siku ya kliniki iliyofuata tulipompigia simu, alituambia kwa upole, "Wanangu, dawa nitaletewa." Tulimsihi kwamba daktari anapaswa kumpima yeye, na wala si dawa. Akajibu tena vile vile. Kliniki ile ikapita bila yeye kufika. Hapo ndipo tulipotambua tulichokuwa tumekivunja. Mama alikuwa hana tena imani na gari letu, na kwa kweli alikuwa hana tena imani na uangalifu wetu.

Tukakutana familia nzima, dada yetu wa Mwanza akiwa kwenye simu. Maoni hayakuwa mamoja, wala hatutaficha hilo. Shemeji yetu alipendekeza tununue mengine yaliyotumika, lakini safari hii tusome tarakimu. Haikuwa hoja mbaya. Wapo waungwana wanaouza yaliyotumika yenye umri mdogo. Lakini tairi lililotumika lina historia ambayo muuzaji mwenyewe haijui: kama liliwahi kugonga ukingo, kama lilizibwa pancha ubavuni, kama lilitembezwa bila upepo. Kaka yetu wa tatu alishauri tununue mawili mapya sasa na mawili mwakani. Kwa magari mengi jambo hilo linawezekana, na mafundi hushauri yale mapya yafungwe nyuma, ili gari lisiteleze mkia penye maji. Gari letu, hata hivyo, huendeshwa kwa magurudumu yote manne wakati wote. Matairi yenye vimo tofauti huzunguka kwa idadi tofauti, na tofauti hiyo hubebwa na gia zilizo chini ya gari, ambazo ni ghali kuliko matairi. Basi ikabaki kununua manne mapya ya aina moja.

Kisha likaja swali la aina gani. Hapa tulifanya jambo ambalo tungepaswa kulifanya tangu mwanzo: tuliihesabu njia yetu. Si njia ya ndoto, ya kuvuka mito na kupanda majabali, bali njia ya Mama. Kutoka mjini hadi Muleba ni lami yote, kupitia Kemondo, Muhutwe na Kagoma. Ni zile kilomita chache za mwisho tu zilizo za udongo mwekundu, zenye changarawe wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Tukakiri kwamba sehemu kubwa ya safari zetu ni lami, na mara nyingi ni lami iliyolowa, kwa kuwa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka.

Kwa njia ya namna hiyo, matairi ya matope, yenye herufi M/T, yale tuliyoyapenda kwa macho, ndiyo yaliyofaa kidogo kuliko yote. Meno yake makubwa huacha mpira kidogo tu unaogusa lami. Gari hupiga kelele, na huchukua masafa marefu zaidi kusimama penye maji. Mama alikuwa ameisikia kasoro hiyo tangu siku ya kwanza. Matairi ya barabara kuu, yenye herufi H/T, ni tulivu na hushika lami vema, ila hupata shida kwenye udongo wetu wa Aprili. Tukachagua ya katikati, yenye herufi A/T, ya meno ya wastani, ya vipimo vile vile vilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, bila kuongeza upana hata milimita moja.

Tulipodhani tumemaliza, mdogo wetu wa mwisho akauliza, "Na la akiba je?" Tukaenda kulitazama, likiwa limening'inia chini ya gari, na meno yake yote yakiwa hayajaguswa. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko yale manne. Yatakiwayo yakawa matano.

Fedha hazikuwepo, na hii ndiyo sehemu iliyotuuma. Kaka yetu wa shambani aliuza kahawa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kuezeka nyumba yake. Dada wa Mwanza alituma alichokuwa amekitenga kwa sherehe. Mwingine alikopa. Kwa miezi miwili gari lilikaa juu ya mawe, nasi tukasafiri kwa mabasi madogo. Tulijiuliza mara nyingi: fedha hizi tulizozikosa mwaka 2021, tulizikosa kweli? Mwaka ule ule tulikuwa tumenunua redio mpya ya gari na rangi ya ringi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwetu ilikaribia kumvunja mpishi mwenyewe.

Siku ya kufunga matairi hatukuondoka gereji. Tulisoma tarakimu za kila moja kabla halijapanda kwenye ringi, na mawili tuliyaomba yabadilishwe kwa kuwa yalikuwa yamekaa ghalani zaidi ya miaka minne. Muuzaji hakufurahi, lakini alibadilisha. Tulidai valvu mpya, tukafanya balansi na alaimenti, na tukamwomba fundi afunge kila tairi tarakimu zikiwa upande wa nje. Tangu hapo hupima upepo kila Jumamosi asubuhi mmoja wetu, kabla gari halijapata moto, kwa kipimo chetu wenyewe.

Tulipompelekea Mama gari uani, hakuna aliyepiga picha. Lilionekana la kawaida kabisa, hata dogo kuliko lilivyokuwa. Mama alitoka taratibu, kitenge kikiwa kimefunika bega lake, akalizunguka. Akasimama karibu na gurudumu la nyuma la kushoto.

"Na haya yana miaka mingapi?"

Tukamwonyesha tarakimu. Hakuwa na miwani, hivyo akamwita mjukuu wake wa darasa la nne amsomee. Mtoto akasoma, tarakimu moja baada ya nyingine, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka yote manne. Kisha Mama akauliza la akiba liko wapi. Mtoto akajilaza chini ya gari, akalisoma nalo.

"Haya," akasema. "Kliniki ni Alhamisi. Mje mapema."

Wapendwa, Desemba i karibu. Kabla hamjawapakia wazee na watoto, kabla hamjaweka mikungu ya ndizi juu ya gari, na hata kabla hamjasali sala ya safari, tunawasihi jambo moja dogo. Pigeni magoti kando ya kila gurudumu, mtafute zile tarakimu nne, nanyi mpime upepo. Kazi hiyo haichukui robo saa. Wala msione aibu mtu akiwauliza mnatafuta nini chini ya gari. Mwambieni, ili naye akatazame la kwake.

Tunawatakia Jumapili njema na safari njema.